Mkononi 112/70, kwenye mapafu 64/30: uchambuzi wa kisa cha vali iliyobana

Mwalimu wa miaka 36 anaingia chumba cha daktari kwa hatua fupifupi, anakaa, anatulia kidogo ili pumzi irudi, kisha anafungua daftari lake la kliniki. Kila kipimo cha presha cha miaka miwili amekipigia mstari: 110/70, 114/72, 108/68. "Daktari, kila ninapokwenda naambiwa presha yangu ni nzuri. Sasa mbona nikipanda ngazi za ghorofa moja tu nahema kama niliyekimbizwa?"

Kisa hiki nimekijenga kwa ajili ya kufundishia, na namba zake nimezipanga zikubaliane kama zinavyokubaliana kwa mgonjwa wa kweli mwenye ugonjwa huu. Nimeanza na swali lake kwa sababu ni swali la haki, na wengi wanaoliuliza hurudishwa nyumbani bila jibu. Mkanda wa mkononi unapima presha ya mahali pamoja tu, yaani ateri zinazopokea damu kutoka upande wa kushoto wa moyo. Nyuma ya ateri hizo kuna vyumba vinne, na kila chumba kina presha yake. Chumba kilichokuwa kinamtesa mwalimu huyu, mkanda haukifikii kabisa.

Alichosimulia

Kuhema kulianza katika ujauzito wake wa pili, ulipoingia mwezi wa sita. Wakati wa ujauzito moyo husukuma damu zaidi kwa dakika, ongezeko la asilimia 30 hadi 50, kwa hiyo mlango wowote uliobana ndani ya moyo huanza kujionyesha hapo. Baada ya kujifungua alipata nafuu, lakini hakurudi alivyokuwa. Mahali fulani aliambiwa ana pumu, akapewa dawa ya kuvuta. Kila alipoivuta moyo ulimwenda mbio na kifua kikazidi kubana. Hilo tutalirudia, maana lina maelezo yake.

Usiku analalia mito mitatu. Mara mbili tatu kwa wiki anashtuka usingizini, anakaa ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, anasubiri pumzi itulie. Alipoulizwa kuhusu utoto wake alifikiri kwanza, kisha akasema alikuwa akiugua mafindofindo mara kwa mara, na alipokuwa na miaka 11 goti la kulia lilivimba, likapona, uvimbe ukahamia kifundo cha mguu wa kushoto. Alikaa nyumbani mwezi mzima. Hakuna aliyewahi kuunganisha goti lile na moyo huu.

Maumivu yanayohama kutoka kiungo hadi kiungo kwa mtoto, baada ya mafindofindo, ni sura ya homa ya baridi yabisi. Bakteria wa koo aitwaye streptokoka wa kundi A huamsha kinga ya mwili, na kinga hiyo hushambulia pia tishu za moyo. Viungo hupona, lakini vali hubaki na makovu yanayokaza taratibu kwa miaka 10, 20 au zaidi. Inayoathirika mara nyingi kuliko zote ni vali ya mitrali, mlango wa kati ya atiria ya kushoto, chumba cha juu kinachopokea damu, na ventrikali ya kushoto, chumba cha chini kinachoisukuma.

Presha inayoonekana shingoni na kusikika kwa sikio

Kabla ya mashine yoyote, mwili wa mwalimu ulikwishataja presha za vyumba vyake.

Shingo ndiyo ya kwanza. Mgonjwa akiegemea kitandani kwa nyuzi 45, kichwa kimegeuzwa kidogo, vena ya ndani ya shingo, mshipa unaorudisha damu moyoni, hufanya kazi kama bomba la kioo lililochomekwa kwenye atiria ya kulia. Kati yake na atiria hiyo hakuna vali ya kuzuia kitu, kwa hiyo damu hupanda shingoni kwa kimo kile kile kinacholingana na presha ya chumba. Kwa mwalimu, ukomo wa mtikisiko ule ulionekana sentimita 7 juu ya kifundo cha mfupa wa kidari, pale ubavu wa pili unaposhikana nao. Kutoka kifundo hicho hadi katikati ya atiria ya kulia huhesabiwa sentimita 5. Jumla ni 12. Milimita moja ya zebaki ni sawa na sentimita 1.36 za maji, basi 12 ni karibu milimita 9 za zebaki. Kawaida ya chumba hicho ni 2 hadi 6. Rula na macho vilitosha kutoa namba hiyo. Tutaiona tena mbele.

Kisha kiganja kiliwekwa pembeni mwa kidari, upande wa kushoto. Kila pigo lilikiinua kiganja. Hapo chini pana ventrikali ya kulia, ambayo kwa kawaida hufanya kazi yake kimya. Ikiinua mkono wa anayeipima, inasukuma dhidi ya kitu kizito.

Mwisho ni sikio. Mwalimu alilazwa kwa ubavu wa kushoto, stetoskopu ikawekwa kwa wepesi kwenye ncha ya moyo. Sauti ya kwanza ya moyo, ile ya kuanza kusinyaa, ilikuwa kali. Baada ya sauti ya pili, ile ya moyo unapomaliza kusinyaa, ulifuata mlio mfupi, mkavu, kama kitambaa kilichovutwa ghafla kikakaza, halafu mvumo mzito wa chini hadi pigo lililofuata. Mlio ule ni vali yenye makovu inayofunguka na kukwama njiani. Cha kuvutia ni muda. Vali ya mitrali hufunguka pale presha ya ventrikali inayolegea inaposhuka chini ya ile ya atiria. Presha ya atiria ikiwa 8, ventrikali inahitaji muda kushuka hadi hapo. Ikiwa 26, zinakutana mapema, na mlio unasogea karibu na sauti ya pili. Kwa mwalimu milio hiyo miwili ilikuwa karibu sana hata sikio lisilozoea lingedhani ni sauti moja iliyopasuka. Mimi huwaomba wanafunzi wasiondoke kitandani kwa mgonjwa wa namna hii mpaka wameisikia nafasi hiyo ndogo, kwa sababu ni presha ya chumba cha ndani inayopimwa kwa saa ya sikio.

Moyo usio na ugonjwa

Tukumbushane kwanza namba za kawaida, zote kwa milimita za zebaki. Damu inarudi kutoka mwilini hadi atiria ya kulia ikiwa na presha ya wastani wa 2 hadi 6. Ventrikali ya kulia ikisinyaa hufika kama 25, ikilegea hushuka hadi kama 4. Ateri ya mapafu ina kilele kile kile cha 25, ila haishuki chini ya takriban 10, kwa kuwa vali iliyo mlangoni pake imekwishafungwa. Atiria ya kushoto ina wastani wa 4 hadi 12. Ventrikali ya kushoto hupanda hadi 120 na kushuka hadi 8 hivi. Aota, ateri kuu inayotoka moyoni, ina kilele cha 120, na chini hukomea 80.

Wengi hudhani upande wa kushoto una presha kubwa kwa sababu unasukuma damu nyingi zaidi. Sivyo. Pande zote mbili husukuma kiasi kile kile, karibu mililita 70 kwa pigo moja kwa mtu mzima aliyepumzika, kwani kingetofautiana hata kwa mililita moja damu ingerundikana upande mmoja ndani ya saa chache. Kinachotofautiana ni ukinzani wa njia. Mishipa ya mapafu ni mifupi, mipana, na inatanuka upesi. Ile ya mwili mzima inakinza mara kadhaa zaidi. Misuli nayo imejijenga kulingana na mzigo wake: ukuta wa ventrikali ya kushoto una unene wa milimita 6 hadi 11, wa kulia 3 hadi 5.

Jambo la kushika kwa ajili ya kisa hiki ni kinachotokea moyo unapojaza. Vali ya mitrali yenye afya ikiwa wazi, ina nafasi ya sentimita 4 hadi 6 za mraba. Atiria na ventrikali ya kushoto wakati huo huwa kama chumba kimoja. Presha zao zinakaribiana kiasi kwamba tofauti ni milimita moja au mbili, basi. Mlango ukibana, tofauti inazaliwa. Tofauti hiyo ndiyo ugonjwa wenyewe, na inakua vibaya: mtiririko ukiongezeka mara mbili kupitia tundu lile lile, tofauti ya presha inaongezeka mara nne.

Eko

Picha ya mawimbi ya sauti, yaani eko, ilionyesha vali ya mitrali nene, ncha zake zimeshikana pembeni, tundu lililobaki ni sentimita 0.9 za mraba. Chini ya 1.5 huhesabiwa ni kubana kukubwa. Atiria ya kushoto ilikuwa imetanuka. Ventrikali ya kushoto ilikuwa na umbo zuri na nguvu nzuri, jambo lililomshangaza mwalimu kwa kuwa alikwishajiandaa kusikia moyo wake umechoka.

Eko haipimi presha moja kwa moja. Inapima kasi ya damu, na kutoka kwenye kasi tunapata tofauti ya presha: kasi kwa mita kwa sekunde, izidishe kwa yenyewe, halafu mara 4. Damu kidogo ilikuwa inavuja kurudi nyuma kupitia vali ya trikaspidi, mlango wa kati ya atiria na ventrikali ya kulia, kwa kasi ya mita 3.7 kwa sekunde. Hesabu inatoa karibu 55. Hiyo ni tofauti kati ya ventrikali ya kulia na atiria ya kulia. Ongeza 9 ya shingoni, unapata 64 ndani ya ventrikali ya kulia. Ndiyo maana kimo cha vena ya shingo si mapambo ya zamani. Bila namba ya atiria ya kulia, hesabu hii inabaki na pengo.

Tofauti ya wastani kwenye vali ya mitrali ilikuwa 15 akiwa amelala, mapigo 72. Akapewa baiskeli ya kitanda. Mapigo yalipofika 118, ilikuwa 31, na akaomba kusimama. Angalia muda. Kwa mapigo 72, kila mzunguko una sekunde 0.83, kwa 118 una 0.51. Muda wa kusinyaa hupungua kidogo tu, na karibu hasara yote hubebwa na muda wa kujaza. Damu nyingi zaidi inatakiwa ipite tundu lile lile ndani ya muda mfupi zaidi. Atiria haina njia nyingine isipokuwa kupandisha presha yake, na nyuma ya atiria hakuna kizuizi hadi kwenye mapafu.

Hapo ndipo dawa ya pumu inapopata maelezo. Dawa zile za kufungua njia za hewa huongeza kasi ya mapigo. Kwa mwenye pumu hiyo ni kero ndogo. Kwake yeye kila pigo la ziada lilimnyima muda wa kujaza, na mapafu yakazidi kulowa. Alivuta dawa hiyo kwa uaminifu karibu mwaka mzima. Siwezi kuuandika mwaka huo bila uchungu.

Mrija ndani ya vyumba

Kupima presha ndani ya moyo wa mtu aliye macho kulianza kwa ujasiri ambao leo usingeruhusiwa. Mwaka 1929, huko Eberswalde nchini Ujerumani, Werner Forssmann alijiingizia mrija kwenye vena ya mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi moyoni na kwenda kupigwa picha ya eksirei akiwa nao ndani. André Cournand na Dickinson Richards waliugeuza kuwa kipimo cha kuaminika, na mwaka 1956 watatu hao walishiriki Tuzo ya Nobel. Mrija wenye kiputo nchani, unaobebwa na mkondo wa damu wenyewe, ulielezwa na Jeremy Swan na William Ganz mwaka 1970. Mrija wa aina hiyo ndio ulioingizwa kwa mwalimu kupitia vena ya kinena.

Namba ya kwanza iliyotoka kwenye skrini ilikuwa mbaya: atiria ya kulia, 16. Shingo ilisema 9. Mtu mwenye haraka angeamini mashine. Fundi wa chumba aliangalia kitanda badala ya skrini, akaona kimeinuliwa mgonjwa alipokuwa akitayarishwa, huku kifaa cha kunasa presha kimebaki kwenye nguzo yake palepale. Kilikuwa chini ya moyo kwa sentimita kama 10. Kimo hicho cha maji kinatosha kuongeza milimita 7. Kikainuliwa hadi usawa wa katikati ya kifua, kikasawazishwa upya kwenye sifuri, na skrini ikasema 9.

Kosa hilo nalitaja kirefu kwa makusudi. Lingetokea tunapima aota, 112 ingesomeka 119 na hakuna ambaye angejali. Kwenye chumba ambacho kawaida yake haizidi 6, kosa lile lile linamgeuza mtu mwenye mzigo wa wastani kuwa mtu ambaye upande wake wa kulia umeshindwa kazi. Kadiri chumba kinavyokuwa cha presha ndogo, ndivyo kinavyodai uangalifu mkubwa.

Mrija ukasonga. Wakati wa kuvuka vali ya trikaspidi mchoro ulibadilika ghafla: mawimbi madogo ya atiria yakawa minara mirefu, 64 juu, 9 chini. Kwamba chini ilibaki ile ile 9 ni dalili nzuri, vali ya trikaspidi haikuwa imebana. Mrija ukavuka vali ya mapafu. Kilele kilibaki 64, lakini sakafu iliruka kutoka 9 hadi 30. Ukiona hivyo kwenye skrini hujahitaji picha kukwambia uko wapi: kilele kimoja, sakafu mbili, umepita mlango unaofungwa. Wastani wa ateri ya mapafu ulikuwa 41. Zaidi ya 20, akiwa amepumzika, huitwa presha ya juu ya mapafu.

Kiputo kikajazwa hewa, mrija ukajikaza ndani ya tawi dogo la ateri na kuziba mkondo. Mbele yake ikabaki damu iliyotulia, inayoungana moja kwa moja na atiria ya kushoto kupitia kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, na vena za mapafu. Presha iliyosomeka hapo ni ya atiria ya kushoto iliyopimwa kwa mbali: 27. Baadaye, ukuta kati ya atiria mbili ulipotobolewa kwa ajili ya tiba, chumba chenyewe kilipimwa: 26.

Mrija wa pili, uliopita ateri, ulikuwa umetulia ndani ya ventrikali ya kushoto: 112 juu, 8 chini. Aota ilikuwa 112/70, sawa na daftari la kliniki.

Kinachosemwa na namba hizo zikiwekwa pamoja

Soma ventrikali ya kushoto peke yake, ni ya mtu mzima mwenye afya. Soma aota peke yake, hali kadhalika. Ni pale unapoiweka 26 ya atiria kando ya 8 ya ventrikali, wakati ambao mlango kati yao ulitakiwa kuwa wazi, ndipo ugonjwa unaonekana. Tofauti ya wastani kwa muda wote wa kujaza ilikuwa 16. Moyo ulisukuma lita 3.9 kwa dakika. Kuna hesabu ya mkato ya kukadiria ukubwa wa tundu: gawa lita hizo kwa kipeuo cha pili cha tofauti. 3.9 kwa 4, karibu sentimita 1 ya mraba. Eko ilisema 0.9. Vipimo viwili vyenye njia mbili tofauti vimekubaliana, na hapo mtu anaweza kufanya uamuzi bila kusitasita.

Sasa fuata presha ikirudi nyuma. Atiria ikiwa 26, kapilari za mapafu haziwezi kuwa chini ya hapo. Protini za damu huvuta maji yabaki ndani ya mishipa kwa nguvu ya takriban 25. Mwalimu aliishi kwenye ukingo huo kila siku, na kila alipopanda ngazi aliuvuka. Kilichomwokoa asizame ni kwamba mambo yalikwenda polepole: mishipa ya limfu ya mapafu ilitanuka na kujifunza kuondoa maji zaidi, na kuta za kapilari zikanenepa. Angefikishwa 26 kwa siku moja, angeletwa akitoa povu mdomoni. Usiku akilala chali, damu iliyokuwa imetulia miguuni ilirudi kifuani, na ukingo ule ule ukavukwa akiwa usingizini. Mito mitatu ilikuwa tiba aliyojigundulia mwenyewe.

Lakini 26 haitoshi kueleza 41. Kati ya ateri ya mapafu na atiria ya kushoto ipo tofauti ya 15. Igawe kwa lita 3.9, unapata ukinzani wa karibu uniti 4 za Wood, kipimo cha ukinzani wa mishipa, ilhali kawaida haifiki 2. Mishipa midogo ya mapafu ilikuwa imeanza kujikaza na kunenepa, kana kwamba inajaribu kuwakinga kapilari wasipokee mafuriko. Kinga hiyo hulipiwa na ventrikali ya kulia. Ventrikali ya kulia isiyozoea, ikibanwa ghafla, haiwezi kuzalisha wastani unaozidi 40 hivi. Ya mwalimu ilikuwa na miaka ya kujenga misuli. Ila 9 ya atiria ya kulia, na uvimbe mdogo vifundoni jioni, vilikuwa vinasema uvumilivu wake unaelekea ukingoni.

Na ventrikali ya kushoto? Ilikuwa inapokea kidogo, inatoa kidogo: mililita 54 kwa pigo badala ya 70. Mishipa ya mwili ilijikaza kufidia, kwa hiyo mkanda wa mkononi ukaendelea kuonyesha namba nzuri. Mgonjwa anayeambiwa presha yako safi kwa sababu hiyo haongopewi, ila anajibiwa swali ambalo hakuuliza.

Tiba

Wiki za kusubiri alipewa dawa ya kukojoza na dawa ya kupunguza kasi ya mapigo. Ya pili ilimtia shaka. "Moyo wangu hauna nguvu, halafu mnaupunguza mwendo?" Alionyeshwa michoro miwili ya eko, ule wa mapigo 72 na ule wa 118, akaambiwa ahesabu kwa kidole upana wa muda wa kujaza katika kila mmoja. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe haupewi nafasi." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo, na dawa ya kuvuta akaiacha siku hiyo.

Eko ya kupitia umio ilifanywa kuhakikisha hakuna damu iliyoganda kwenye atiria ya kushoto. Damu inayosota hapo huganda kwa urahisi, na mrija ukigusa bonge hilo, linaweza kwenda kichwani na kuleta kiharusi. Hapakuwa na bonge. Vali haikuwa na mawe mengi ya chokaa, na haikuwa inavuja kwa kiasi cha kutisha. Ilifaa kupanuliwa kwa puto, njia iliyoletwa na Kanji Inoue wa Japani katika miaka ya 1980.

Puto huingia kutoka atiria ya kulia kwenda ya kushoto kupitia tundu dogo linalotobolewa kwenye ukuta mwembamba kati yao, kisha hushuka hadi kwenye vali. Ukubwa wake hukadiriwa kwa urefu wa mgonjwa: gawa sentimita kwa 10, ongeza 10. Mwalimu ana sentimita 160, hivyo puto la milimita 26. Halijazwi lote kwa mara moja. Lilijazwa kwanza hadi milimita 24 kwa sekunde chache, likaondolewa, presha zikasomwa: atiria 18, tofauti 9. Macho yote wakati huo yako kwenye wimbi moja la mchoro wa atiria ya kushoto, lile linalopanda ventrikali inaposinyaa. Likirefuka ghafla, vali imechanika na damu inarudi nyuma. Halikurefuka. Puto likajazwa hadi 26, kiuno chake kikakazwa na vali kwa kitambo, kikafunguka.

Atiria ya kushoto, 12. Tofauti kwenye vali, 5. Lita kwa dakika, 4.5. Ateri ya mapafu 42/18, wastani 26. Tundu, kwa eko, sentimita 1.8 za mraba. Aota, 116/72.

Rudia namba hiyo ya mwisho. Atiria imepoteza zaidi ya nusu ya presha yake, mapafu yamepumua, na mkanda wa mkononi, kama ungekuwa shahidi pekee, ungesema hakuna kilichotokea.

Baadaye

Usiku ule alilalia mto mmoja. Alimwambia muuguzi asubuhi kwamba aliamka mara moja, akajishangaa kwa nini ameamka, akalala tena.

Baada ya miezi sita, eko ilikadiria kilele cha ateri ya mapafu kuwa 36. Mishipa midogo iliyokuwa imejikaza ilikuwa inalegea, ila haijarudi yote. Kwa uniti karibu 4 alizoanza nazo kulikuwa na sababu ya kutumaini. Wanaochelewa hadi ukinzani ukapanda zaidi sana hubaki na sehemu ya presha hiyo hata vali ikifunguliwa vizuri. Anaendelea na sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 3 hadi 4, kwa sababu shambulio jingine la koo linaweza kuongeza kovu juu ya kovu. Dawa ya mapigo imepunguzwa. Ameelezwa kwamba moyo ukianza kudunda bila mpangilio aje haraka, maana atiria iliyotanuka kwa miaka inaweza kupoteza mdundo wake, na hapo dawa ya kuzuia damu isigande haina mjadala.

Vali iliyopanuliwa inaweza kubana tena baada ya miaka. Atarudi kila mwaka. Ataulizwa analalia mito mingapi, ataegemea kwa nyuzi 45, na rula itawekwa juu ya kidari chake kabla mkanda haujafungwa mkononi.